Zdravka Atia Mikono Mfukoni

Saa mbili asubuhi, tarehe mosi Machi, Zdravka Peneva amesimama kando ya ubao katika chuo kimoja mjini Ruse, na mikono yake haitulii. Mhadhiri anapozungumza, mikono hiyo inageuza maneno yake kuwa ishara. Kwenye safu ya mbele, Temenuga, mwanafunzi kiziwi wa usanifu majengo, anaifuata bila kupepesa.

Zdravka, mkalimani wa lugha ya ishara mwenye miaka 49, ni mtoto wa wazazi viziwi. Alianza kuwatafsiria kwa daktari akiwa na miaka sita.

"Kutulia sikujui," anasema. "Hata usingizini, mume wangu hulalamika kuwa namchapa vibao."

Kazi haimkeri. Wanaomkera ni wanafunzi, na si kwamba ni wabaya. Katika kazi ya kikundi ya kuchora jengo waliandika jina la Temenuga kwenye jalada, kisha wakamwambia asijisumbue kuja. Waliona wametenda wema. Wiki hiyohiyo, Temenuga alijaza fomu ya kuacha chuo. Ameiweka mkobani, na Zdravka anajua.

Mapumziko yanafika. Leo, kama ilivyo desturi huku kila mosi Machi, kila mtu anamfunga mwenzake mkononi uzi mwekundu na mweupe, kumtakia afya. Kaloyan, kiongozi wa kikundi, anamletea Zdravka mmoja.

"Mama, mfungie Temenuga. Mwambie umetoka kwetu sote."

"Si huyo hapo, mwanangu? Hatua mbili tu."

"Sasa nitaongea naye vipi?"

"Kwani mkono wake nao ni kiziwi?"

Darasa linaangua kicheko. Zdravka anatia mikono mfukoni. Kwa mkalimani kuacha kutafsiri ni kosa, na anaweza kushtakiwa kwa wakubwa. Itakuwaje kijana akigeuka na kwenda zake?

Masikio yamemwiva kwa aibu, Kaloyan anapiga hatua hizo mbili. Kisha anainama kufunga uzi. Fundo linamshinda mara mbili. Temenuga anamtazama, anachukua kalamu na kumwandikia: "Ngazi kwenye mchoro wenu zinaishia ukutani. Niliona tangu juzi. Hamkuniuliza."

"Acha utani!" Kaloyan anamaka, kisha anavuta kiti na kufungua mchoro.

Fomu bado imo mkobani. Temenuga hajaichana, na Zdravka hathubutu kumuuliza. Mkalimani huyo anapanga kuanza Alhamisi kuwafundisha wanafunzi ishara, bure. Waliojiandikisha ni watatu.

"Huruma yao siitaki," anasema, vidole vikigonga meza. "Nataka siku moja Temenuga achelewe, wamgombeze kama wanavyogombezana wao."