Kosa la Rodrick Ndivani

Ruthi hakutaka kosa liwe la marehemu kaka yake, Rodrick. Maneno ya watu wa kijiji cha Mamba alishayasikia ya kutosha: mashine ya marehemu imelala, ndiva, bwawa la kumwagilia, imefurika, ukuta umebomoka, tangawizi ya shangazi Asteria imesombwa yote hadi korongoni.

Rodrick alikuwa ametunga lugha yake ya kompyuta, ya Kiswahili kitupu, pamoja na mkalimani wake, yaani programu inayoisomea mashine maagizo. Ndiyo iliyolinda ndiva: bwawa likijaa, ujumbe unaingia kwenye simu yake, anakwenda kufungulia maji mashambani. Kisha pikipiki ikamtupa konani, akazikwa, na Ruthi, aliyefundishwa naye kazi hiyo, akabaki na laptop na simu.

Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, kijiji kizima kikijenga ukuta upya, Asteria alimkuta amekaa, laptop mapajani, ameichomeka kwenye sola ya ndiva.

"Wenzio wanabeba mawe, wewe unabeba kioo?"

"Shikamoo, shangazi. Natafuta kilichoilaza."

"Marahaba. Si ndugu yako huyo aliyeitengeneza hovyo? Jioni utuambie, tuing'oe au ibaki."

Ruthi aliiacha programu iende bila kuizima, macho kwenye kumbukumbu ya mashine. Kila ilipopima maji ilichukua nafasi kidogo, ikamaliza kazi, isiirudishe. Nafasi ikaisha, ikaganda. Akapekua mstari kwa mstari hadi pale Rodrick alipochukua nafasi akasahau kuiachia.

Akaelewa, na moyo ukamuuma. Nyumbani, Rodrick alikoijaribia programu, umeme hukatika kila jioni, na betri ya laptop hii ilishakufa zamani. Kila ilipozimika, iliwaka tena kumbukumbu ikiwa tupu. Hakuwahi kuiona ikijaa. Ndivani, kwenye sola, mashine haikuzimika kamwe.

Aliandika yote: nafasi inapovujia, namna ya kuiona, namna ya kuiziba. Juu akaweka jina la Rodrick. Jioni akasimama mbele ya watu.

"Kosa ni lake. Nimeshalirekebisha."

"Unamsema marehemu?" Asteria akashangaa.

"Angekuwepo angejisema mwenyewe, shangazi. Tena kwa kelele."

Asteria alicheka, kicheko kikageuka kilio. Akajifuta kwa kanga. "Haya, ibaki."

Ndiva ilipojaa tena, alfajiri, simu ya marehemu ikalia: *Rodrick, maji yamejaa. Njoo ufungue.*

Jina hilo Ruthi angeweza kulibadilisha siku ile ile aliporekebisha kosa. Hakuligusa. Alijifunga kanga, akachukua jembe, akapanda kwenda kufungua.