Siku Eduvigis Alipouamsha Mtaa Saa Nane Mchana

Mashine ya redio ya mtaa ilikaa sebuleni kwa Eduvigis Ledesma, fundi wa cherehani aliyejifunza kompyuta kwa ubishi, na ilinguruma kuliko mumewe marehemu, ambaye akikoroma mbwa wa ng'ambo ya mto walikuwa wanamjibu. Ilikuwa seva kuukuu iliyotupwa na ofisi moja. Ndani yake mna chipu ndogo kama ukucha, ndiyo msimamizi wa feni zote, na programu yake ya kiwandani ilikuwa na woga: ikihisi joto kidogo, inapuliza kama inataka kuruka. Na Santiago del Estero, huko Argentina, mwezi wa Januari joto si kidogo. Saa nane mchana hata kivuli huingia ndani kutafuta kivuli.

Wasikilizaji walichoka kuomba wimbo wakapigiwa mngurumo wa ndege. Kamati ya redio ikamwambia wazi: Jumapili ikinguruma tena, seva inauzwa chuma chakavu, redio inafungwa.

Dawa alikuwa nayo. Kuna programu huria, imeandikwa na watu wa dunia nzima wasiodai hata empanada moja, sambusa ya huko. Kuiflashi, yaani kuiandika kwenye ile chipu juu ya ile ya kiwandani, ni kazi fupi, lakini umeme ukikatika katikati, chipu imekufa, na ubao mzima unabaki wa kukatia vitunguu. Betri ya akiba ilishavimba kama chura. Na wiki ile viyoyozi havikuzimwa usiku wala mchana, nusu yake vikila umeme kwa nyaya zilizotundikwa nguzoni kimyakimya, bila mita. Transfoma ya kona ilizima ilipojisikia.

Jumamosi saa nane, mtaa mzima ukiwa kitandani kwa usingizi wa mchana, redio masikioni, Eduvigis akafungua maikrofoni.

"Wapenzi wasikilizaji, sijasema mimi, nimesikia tu. Wakaguzi wa umeme wako njiani, na ngazi wanazo. Mlale salama."

Haijawahi kutokea watu wa Santiago kukimbia saa hiyo. Don Nicanor, mwenye bucha mkabala, alipanda nguzo na kaptura ya kulalia, mkewe kashika ngazi.

"Chomoa, baba! Na ya friji!"

"Si wewe uliyesema tutundike?"

"Nilisema feni! Wewe ukatundika bucha zima!"

Transfoma ikapoa mpaka njiwa akatua juu yake akataga. Eduvigis akabonyeza kuanza kuiflashi. Feni zikapiga yowe, maana chipu iliziachilia, na upepo ukamsukuma paka mpaka jikoni. Mstari wa kijani ulikuwa umefika nusu ya skrini Don Nicanor alipotokea mlangoni, jasho likimtiririka, koleo mkononi.

"Doña Edu, hujachomoa?"

"Mimi nalipa umeme, jirani."

"Tangu lini?" Akatazama juu. "Waya wako si ule wa bluu? Ngoja nikusaidie. Wakikukamata, nani atatupigia muziki?"

"Usijisumbue!"

"Jirani ni wa siku gani?"

Kabla hajamshika, mzee ameshaegemeza ngazi yake ukutani, anapanda. Eduvigis akaikumbatia ngazi kwa mikono miwili akaanza kuitikisa kama mti wa matunda.

"Shuka, mzee!"

"Nakuokoa, mwanamke!"

"Usiniokoe!"

Koleo likafunguka mdomo. Hapo hapo, ndani ya nyumba, kimya.

"Umekatika wenyewe," alisema Don Nicanor.

Eduvigis akaiachia ngazi. Kisha gitaa likasikika kutoka sebuleni, halafu bombo, ile ngoma kubwa, kila pigo safi kama limeoshwa. Mstari wa kijani ulikuwa umefika mwisho, na feni zilikuwa zikipumua tu, kama mtoto aliyeshiba.

Don Nicanor alisikiliza wimbo hadi mwisho, akiwa bado juu ya ngazi. Akakunja koleo.

"Hakuna wakaguzi."

"Kwa jua hili? Nao wana akili zao."

Akashuka polepole, akatazama barabara nzima: watu wamekaa vibarazani wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria. Akamsogelea sikioni.

"Usitangaze bado, Doña Edu. Niache nirudishe waya wangu kwanza. Nimelala miaka mingi mtaa huu, sijawahi kulala transfoma nzima ikiwa yangu peke yangu."

Eduvigis akaingia ndani, akamwekea wimbo mrefu kuliko zote.