Kigari cha Kupita Barazani

Ukiishi Mji Mkongwe na unataka kumnunulia mtoto kigari, anza kwa kupima uchochoro wako. Mimi niliupima kwa kamba ya ukindu, pale baraza mbili zinapokabiliana karibu na mlango wetu. Mwanangu wa kwanza alikuwa anakaribia siku arobaini, na nilitaka nimpeleke kwa mama yangu, mtaa wa Ng'ambo, nikimsukuma mwenyewe.

Mama mkwe alicheka. "Kitakwama hapo barazani, mwanangu, uje ukiache na mtoto umbebe."

Dukani Mlandege nikaiweka kamba yangu juu ya kila kigari. "Dada," akauliza muuzaji, "unanunua kigari au unakishonea kanzu?" Vipana vya kupendeza nikaviacha. Nikachukua chembamba chenye magurudumu makubwa, kiweze kuvuka vizingiti.

Arobaini ilipokwisha, nikatoka nacho baada ya sala ya alasiri. Kufika barazani, nikakumbuka kwamba nilipima asubuhi, hapana mtu. Sasa wazee wamekaa pande zote mbili wakinywa kahawa, na miguu yao imejaa njiani. Nikasimama.

"Shikamooni."

"Marahaba. Ndiye huyo mgeni wetu?"

Miguu yote ikapandishwa barazani. "Mpisheni," mmoja akasema, "bwana mkubwa anakwenda kwa bibi yake!"

Nikapita bila kugusa ukuta. Nyuma yangu nikamsikia mama mkwe, mlangoni, akimwambia jirani: "Umekiona kigari? Kakichagua mkwe wangu huyo."