Bei ya Salamu

Kwenye kibanda cha simu karibu na soko la mifugo, Kajiado, mzee mmoja alimuuliza mama mwenye simu, "Ni kweli serikali imeshusha bei ya kupiga simu?"

"Ni kweli. Hata redio imesema."

Akashika mkonga wa simu kwa mikono miwili, akampigia ndugu yake aliyeko Illasit. "Sopa!" akamsalimu kwa Kimaasai. Akaulizia watoto, ng'ombe, mbuzi, nyasi, mvua. Kisha akakata, akitabasamu.

"Na mbona hujasema shida yako?" mama akashangaa.

"Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Simu ilikuwa ghali, nikawa nampigia bila salamu. Akafikiria nimemkasirikia."

Sijui waliopanga bei kule Nairobi walipima nini, lakini sidhani kuna aliyekumbuka kuulizia mbuzi.