Mchora Njia Aliyeogopa Miteremko

Octave hajawahi kuikanyaga Ufaransa, lakini ukimwuliza mkate unatoka saa ngapi katika kijiji fulani cha milima ya Auvergne, atakujibu bila kufungua kitabu. Atakwambia pia kama mbwa wa shamba la pili amefungwa au yuko huru, na kwamba Jumanne usipite pale kanisani kwa sababu ni siku ya gulio. Hiyo ndiyo kazi yake kwa mwaka wa saba sasa. Hukaa nyuma ya duka la baiskeli la Bwana Fonseca, Rosettenville, kwenye kiti kilichopasuka ngozi, akiwachorea njia za kimya watu wenye nafasi wa Johannesburg wanaokwenda Ufaransa kuendesha baiskeli mahali pasipo na gari la kuwapigia honi.

Dukani alianza kwa kuziba pancha, bega kwa bega na Mselem, fundi wa Tanga. Siku moja Fonseca alikwama kwenye simu na Mfaransa mwenye nyumba ya wageni. Octave akaipokea simu kwa mikono yenye grisi, akaongea Kifaransa cha shule ya mapadri, na jioni ile ile akapewa kiti. Tangu hapo hupiga simu kwenye ofisi za vijiji, kwa wafuga mbuzi, kwa mama mmoja mgawa barua ambaye wamekuwa kama ndugu, na swali lake ni lile lile: kwa saa moja yanapita magari mangapi? Wakisema kumi, anaifuta barabara. Wakisema mawili, na moja ni trekta, anaiweka.

Ni kazi ya kukaa, nayo inachosha kuliko ya kusimama, hilo Mselem hatalikubali hata umchinje. Asubuhi taksi mbili kutoka kwake Yeoville, jioni mbili tena, na goti la kushoto limeshaanza kumsumbua. Akifika nyumbani, mkewe Denise naye ametoka kusimama kutwa nzima akisuka nywele za watu. Hukaa wawili hao kama magunia yaliyotuliwa, mpaka mmoja apate nguvu za kuchemsha maji. Binti yao Gaëlle huwapita na kuwasalimu kwa Kiingereza.

Mwezi wa Juni ikaja barua. Wanawake wanane wa mtaa wa Parkhurst, wastaafu, walikuwa wamerudi kutoka kwenye njia ya Octave. Waliisifu sana: siku sita, na ng'ombe waliowaona walikuwa wengi kuliko magari. Lakini walitaka kujua jambo moja. Kwa nini kila mlima waliupandia upande uliosimama kama ukuta, kisha wakaushukia upande mrefu uliolala? Mmoja wao, mwenye miaka sitini na minne, alisukuma baiskeli saa nzima huku akilia. Mzee mmoja kule aliwacheka na kuwaambia kwamba watu wa pale huenda kinyume.

Fonseca alikuja na kompyuta, wakazifungua njia zote kumi na nne, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa hivyo. Octave aliduwaa zaidi ya tajiri wake, kwa kuwa hakuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yake mwenyewe. Fonseca si mtu wa makelele. Alisema tu kwamba zigeuzwe zote ifikapo Ijumaa, la sivyo mpwa wake ana programu ya kompyuta inayochora njia bila kulipwa, na hicho kiti hakitakuwa na mwenyewe.

"Eish, kaka Octave," alisema Mselem kutoka kwenye mlango wa karakana. "Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wewe umeamua watu wapande tu, ngoma wasiione."

Octave alikuwa na kawaida ya kucheka utani wa Mselem. Siku hiyo aligeukia kioo cha kompyuta, akaishika ile njia ya kwanza ili aigeuze. Alipofika kwenye mteremko mkali juu ya daraja dogo, mkono ukakataa. Aliketi pale hadi saa ya kufunga duka bila kugeuza hata kilometa moja. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ujana wake Octave aliumalizia barabarani, akisukuma baiskeli za mkaa kutoka porini hadi Lubumbashi, kwao Kongo, na mdogo wake Ezéchiel. Magunia manne, wakati mwingine matano, kwenye baiskeli isiyo na breki. Mlima haukuwatisha wabeba mkaa. Mlima unasukuma, unatoka jasho, unapumzika, unasukuma tena. Kilichoua watu ni mteremko, kwa sababu mzigo ukishaanza kukusukuma wewe, kandambili ya tairi uliyoikandamiza kwenye gurudumu haiuzuii. Ndiyo maana walikuwa na desturi yao. Watu hawashuki pamoja. Anashuka mmoja, na akifika chini anatazama barabara huku na huku, kisha anapaza sauti: "Niko chini!" Wa juu haondoi mguu mpaka aisikie.

Octave ndiye aliyekuwa akichagua njia. Barabara kuu ilikuwa na malori na vizuizi vya askari, kwa hiyo alipenda vijia vya kimya. Na kijia cha siku ile, siku ya tatu ya safari, kilikuwa na mteremko unaoishia darajani. Ezéchiel alizikwa na miaka ishirini na miwili.

Denise aliijua habari hiyo, maana aliolewa mwaka uliofuata. Alipomwona mumewe jioni ya siku ile ya barua amekaa na koti mwilini, chakula hakijaguswa, alimwuliza kazini kuna nini. Akaelezwa habari za barua, za Ijumaa na za mkono uliokataa. Denise akasema basi, ni Ezéchiel, na Mungu alishamsamehe kila mtu kwa ajali ile. Octave akatikisa kichwa.

"Haikuwa mteremko tu, Mama Gaëlle," alisema. "Nilichoka. Nilipenda tu kufika ku nyumba. Niliita sijaangalia barabara. Ng'ombe walikuwa wanatoka ku majani, wanaingia mu daraja, na miye nimeshaita."

Miaka kumi na minane hakuwa amemwambia mtu. Denise alimvua koti kwa mikono yake yenye harufu ya mafuta ya nywele. Alimwonea uchungu, na kidogo alimkasirikia pia kwa kuubeba mzigo huo peke yake ndani ya nyumba ya watu watatu.

"Haukuniambiaka," alisema. "Basi kesho andikia wale bantu wa baiskeli kitu haukufanyaka siku ile."

Ilipofika Ijumaa, njia zote kumi na nne zilikuwa zimegeuzwa. Lakini kwenye kila mteremko mkali Octave alikuwa ameongeza maagizo: shukeni mmoja mmoja, aliye chini atazame kwanza huku na huku, ndipo aite, wa juu asiondoke kabla ya kuitwa, na mkifika wote, nitumieni ujumbe. Fonseca aliyasoma, akacheka, akayaacha, kwa sababu wateja hupenda mambo kama hayo.

Kundi la kwanza lilikuwa la watu sita, mwezi wa Julai. Majira hayo saa za Ufaransa na za Johannesburg ni zile zile, kwa hiyo Octave alijua kwamba saa tisa alasiri wangekuwa kwenye ule mteremko wa lile daraja dogo. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu alijaribu kupiga simu, haikupokelewa. Baridi ya Julai ilipenya chini ya mlango, naye hakuliona joto la hita iliyokuwa miguuni pake. Mselem alianza kuingiza baiskeli ndani, akamtazama, akaacha utani wake wote.

Saa kumi kasoro kumi ujumbe ukaingia. Walikuwa chini wote sita. Waliomba radhi kwa kuchelewa: yule wa kwanza alikuta ng'ombe wanavuka, hakuita, na wenzake wakasubiri juu.

Octave aliusoma mara mbili, akaiweka simu mezani.

"Mselem, kundi la ng'ombe likivuka barabara linachukua muda gani?"

Mselem alifikiri, gurudumu mkononi. "Dakika tano. Kumi, wakiwa wakaidi."

"Dakika tano," alisema Octave.

Akafunika uso kwa viganja na kulia, na Mselem, ambaye hakuelewa kitu, akaliweka gurudumu chini na kuketi karibu naye sakafuni.