Nilivyopata kazi kwa kuwauliza wenye programu habari za mifugo yao, nikiwa Kayanga kwenye kiti cha kuazima

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Wengine, mambo vipi.

Ninachoandika hapa kimetokea. Anayebisha apande gari mpaka Kayanga, aulize kwa Deo, fundi anayechomelea mageti karibu na stendi. Atanikuta nimekaa.

Niliporudi kutoka Dar na diploma yangu ya kompyuta, ambayo niliilipia mwenyewe kwa kuosha magari, ukoo ulikusanyika nyumbani Kihanga kunipokea. Baba mdogo Byamungu akasimama.

"Kazi ya kompyuta humu kwenye migomba? Utawaandikia nyani?"

Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

Ba'mdogo anavusha mizigo Murongo, mpakani na Uganda. Akatoa hukumu: kahawa ikianza kuvunwa nikiwa bado sina kazi, naenda Murongo kubeba magunia yake. Baba akaitikia. Na mimi nikaitikia, kwa sababu najijua.

Cha kwangu kilikuwa kichwa tu. Vingine niliazima. Laptop ya dada Koku, mwalimu wa shule ya msingi. Umeme wa Deo. Hata kiti cha plastiki nilichokalia pale kwa Deo kilikuwa cha ba'mdogo, na alinipa akisema, "Kitunze. Utakirudisha kabla hakijapata mkwaruzo."

Sasa kwa wasiojua. Kuna programu ambazo ndani yake pako wazi, mtu yeyote duniani anaweza kusoma code na kupendekeza marekebisho. Ndiyo open source. Katikati ya code, wenyewe huachiana maelezo, yaani comments. Mashine inayaruka, ni ya kusomwa na watu. Na wakuu, wale jamaa ni mafundi kweli, lakini maelezo yao yameandikwa kama mtu anayekimbia mvua.

Mimi makosa ya maandishi nayaona kama wengine wanavyoona nyoka. Nikaona mlango wa kuingilia ndio huo.

Nikachagua programu moja kubwa. Wiki nzima nikasafisha maelezo ya karibu kila faili, nikayatuma yote kwa mpigo. Nikaenda kunywa chai nikisubiri kuitwa Ulaya.

Mkuu wa ile programu, mzee mmoja wa nchi ya baridi, alifunga ombi langu kabla chai haijapoa. Akaandika kwa upole kwamba hawawezi kukagua mzigo ule, tena hakuna aliyejua mimi ni nani wala nimetokea wapi.

Nilikasirika. Nikamsimulia Koku jioni tukimenya ndizi.

"Wewe umeingia shamba la mtu na panga, hujapiga hodi, unakata majani," akasema. "Hapa kwetu ungerudi na sikio lako?"

(Koku atakuja hapa chini kusema wazo lilikuwa lake. Mpuuzeni.)

Kesho yake nikarudi kwa jamaa kama sisi Wanyambo wa Karagwe tulivyolelewa. Safari hii nilirekebisha mstari mmoja tu, kwenye faili moja. Lakini kabla ya kuutaja, nikasalimia. Habari za nyumbani. Watoto wameamkaje. Mvua imenyesha huko? Mashamba yanasemaje? Mifugo haijambo? Nikaeleza kwamba ninatoka Karagwe, tunalima ndizi na kahawa, na kwamba nimepita karibu na shamba lao, nimeona jani moja limekauka, naomba ruhusa ya kulitoa.

Kimya. Siku ya pili, kimya. Deo akaniuliza mbona nafungua na kufunga laptop kama mlango wa choo. Nje, kahawa inaanza kuwa nyekundu.

Siku ya tatu yule mzee akajibu. Watoto wazima. Mvua hakuna, kuna theluji. Mifugo ipo, ana mbuzi wachache, lakini dume lake linachechemea na anayetibu wanyama yuko mbali. Mwisho akaandika kwamba miaka yote ameendesha programu ile, watu wanamletea malalamiko tu, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za nyumbani.

Wakuu, pale pakafunguka. Mwenye programu mwingine, kutoka kusikojulikana, akaandika kwamba kwake wazima, ila mama mkwe amekuja kutembea na haonyeshi dalili ya kuondoka. Mwingine akaeleza habari za nyanya zake. Mmoja akalalamika kwamba pale ni mahali pa code. Mzee akamjibu, "Umesalimiwa. Itikia kwanza."

Majani nikaendelea kuyatoa moja moja, kila moja na hodi yake. Yalikubaliwa yote.

Kuhusu lile dume, mbuzi mimi nawajulia mezani. Lakini ba'mdogo amefuga tangu ujana. Alipopita kwa Deo kukagua kiti chake, nikamchokoza.

"Ba'mdogo, mbuzi dume akichechemea, tatizo nini?"

"Wa nani?"

"Wa rafiki yangu."

"Anakaa Bugene?"

"Mbele kidogo."

Akaeleza kwa kirefu: amkague kwato, azipunguze zilizozidi, amwoshe kwa maji ya chumvi, amlaze pakavu. "Huyo rafiki yako ni mvivu," akamalizia. Nikatafsiri yote, uvivu nikauacha.

Dume likapona. Na haikupita muda mzee akaniandikia: kampuni anayofanyia kazi ilihitaji mtu wa kutunza maelezo na miongozo ya programu zao, kwa mkataba, akifanyia kazi nyumbani kwake popote alipo. Alikuwa ameshataja jina langu.

Mkataba ulifika kahawa imeshaiva, siku chache kabla haijaanza kuvunwa. Magunia ya Murongo yakabaki na wenyewe.

Malipo ya kwanza yalipoingia nikazunguka kwa walionikopesha. Koku alipata laptop yake na nyingine mpya juu. Deo nikamlipia umeme wote niliomnyonya. Nikamaliza kwa ba'mdogo, nimebeba kiti kichwani, nimepita katikati ya Kihanga makusudi ili wanione.

Alikuwa barazani na wenzake. Nikamwamkia, nikaweka kiti, nikatangaza kazi yangu kwa sauti inayofika barabarani.

"Na yule mbuzi uliyemtibu," nikaongeza, "ni wa bosi wangu. Yuko Ulaya."

Wenzake wakageuka kumtazama. Ba'mdogo akanigeukia.

"Amepona?"

"Amepona."

Akachukua kikapu cha akamwani, zile kahawa za kutafuna anazopewa mgeni wa heshima, ambazo mimi mtoto wa nyumbani sijawahi kunyooshewa. Akaninyooshea.

"Kesho muulize kama anamlaza pakavu," akasema. "Na kiti chukua. Utamuulizaje umesimama?"

Kwa hiyo wakuu, nililojifunza ni kwamba hata penye mlango wazi, hodi hupigwa. Diploma ilinisaidia pia, msije mkasema haikusaidia.

Kama na wewe umewahi kuambiwa utawaandikia nyani, tupia kisa chako hapa chini. Ila uandike vizuri, nakuona.