Nyayo Nyuma ya Mkimbiaji

Nilikuwa mlezi wa wanariadha wa chuo kimoja hapa Thika, kazi ya kujitolea niliyopewa na kanisa. Walikuja kwangu mtaa wa Kamenu wakiwa wamefeli mitihani, wameumia goti, au wamekosa tu mtu wa kuwapikia chai. Tulisoma Neno, tukala, tukaongea.

Msichana mmoja wa mbio ndefu alikuja akiwa amekonda. Darasani haonekani, mazoezini anakimbia kama anayefukuzwa.

"Auntie, kuna mtu hukimbia nyuma yangu kila asubuhi," aliniambia. "Ni yeye."

Nilijua ni nani. Mwenzake wa mazoezi alikuwa amefariki wakati wa likizo, kwa homa ya mapafu.

"Umeomba?"

"Nimeomba. Haachi."

Nilidhani ni huzuni na njaa. Hata hivyo, kesho yake nikachukua baiskeli nikaandamana naye kwenye barabara ya vumbi kati ya mashamba ya kahawa, upande wa mto Chania. Ukungu ulikuwa mzito; hata ndege hawakulia. Tulipomaliza mteremko nikasikia nyayo zake, kisha nyingine, nyepesi, zikichelewa kidogo. Akipunguza mwendo, nazo zinapunguza. Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu.

"Umesikia?"

Nilitamani kukana. "Nimesikia."

Alilia kama aliyetuliwa mzigo. Alikuwa ameanza kujiona mwendawazimu. Ile sala niliyoiandaa ya kukemea mapepo ikanikauka mdomoni. Yeye ndiye aliyeongea, akiutazama ukungu.

"Sikuja kukuzika kwa sababu niliogopa kukuona umelala. Nisamehe. Sasa pita, uende."

Kisha baridi ikapita katikati yetu, na nyayo zikasikika mbele, zikishuka kuelekea kwenye maporomoko ya mto. Msichana akatoka mbio kuzifuata. Ngai, Mungu wangu! Nilitupa baiskeli, nikamshika jaketi, tukaanguka wote wawili. Nikamng'ang'ania pale chini nikilitaja jina la Yesu bila mpangilio wowote, mpaka jua likatoka.

Alikaa kwangu muhula mzima. Nilimpeleka kwa mshauri wa chuo, nikamsukuma kurudia mitihani, nikahakikisha anamaliza chakula. Leo anafundisha watoto riadha Mwiki, kule Ruiru, na hukimbia mchana, katikati ya kelele zao.

Mchungaji aliwahi kuniuliza kama kweli nilisikia kitu, au nilimwonea msichana huruma. Nilimwambia aje twende naye asubuhi moja. Bado hajaja.